TOYOTA: UZI UKIKATIKA, SIMAMA

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sina nia ya kubishana na wahenga, lakini mwaka jana nilijionea kwamba hata hicho chema, kikikosa kutunzwa, kuna siku kitamwaibisha mwenyewe barabarani mchana peupe. Mpenzi msomaji, mwalimu wangu mpendwa, na wewe mwanachama mwenzangu wa Chama cha Kiswahili, keti kitako nikusimulie habari za kampuni ya magari ya Toyota: ilikotoka, ilivyopata sifa, ilivyokaribia kuipoteza sifa hiyo, na kwa nini mimi, binti wa dereva wa matatu, nililazimika kuijua historia hii.

Kwanza niondoe utata mmoja. Ukisimama stejini hapa Nakuru utamsikia makanga akiita, "Nissan ya Naivasha! Bado wawili twende!" Ukiingia na kutazama usukani, lo, nembo ni ya Toyota! Zamani matatu nyingi za abiria 14 zilikuwa za Nissan, basi jina likanata, na hadi leo watu huita kila matatu ya aina hiyo "Nissan". Gari aliloendesha baba yangu lilikuwa Toyota Hiace. Mwenyewe alikuwa tajiri mmoja wa hapa mjini, na kila jioni baba alimpelekea hesabu yake.

"Toyota haifi," baba alipenda kusema. Kauli hiyo nimeisikia tangu nikiwa mdogo wa kubebwa mapajani, nami niliiamini jinsi ninavyoamini kwamba jua huchomoza mashariki. Hebu basi tuulize, kauli hiyo ilianzia wapi?

MTOTO WA SEREMALA

Wengi darasani mwetu walidhani kwamba Toyota ilianza na magari. La hasha! Ilianza na vitambaa.

Mnamo mwaka wa 1867 alizaliwa nchini Japani mtoto aliyeitwa Sakichi Toyoda. Babake alikuwa seremala, na mamake alifuma vitambaa kwa mtambo wa mkono, kazi ya kuchosha mgongo na macho. Kijana akawa anaitazama kazi ile na kuwaza jinsi ya kuipunguza taabu yake. Mwaka wa 1891 alipata hataza ya mtambo wake wa kwanza wa kufumia, uliotengenezwa kwa mbao.

Lakini jambo lililompa jina Sakichi ni hili. Katika ufumaji, uzi hukatika mara kwa mara. Mashine isiyo na akili huendelea tu kufuma, na ukija kugundua, kitambaa kizima kimekuwa na kasoro. Ndiyo maana ilibidi kila mashine iwe na mtu wa kuikodolea macho kutwa. Sakichi akatengeneza mashine inayosimama yenyewe uzi unapokatika. Mtu mmoja sasa aliweza kusimamia mashine nyingi, maana iliyo na shida ingejisimamisha na kumngoja. Mwaka wa 1924 yeye pamoja na mwanawe, Kiichiro, walikamilisha mtambo ulioitwa Aina ya G. Ulikuwa bora kiasi kwamba mwaka wa 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ilikubali kulipa pauni 100,000 ili ipate haki ya kuutengeneza. Uingereza, nchi iliyoufundisha ulimwengu kufuma kwa mashine, sasa ikawa mwanafunzi!

Ewe msomaji, tia alama hapo: mashine inayosimama yenyewe uzi ukikatika. Tutarudi hapo.

KUTOKA UZI HADI GURUDUMU

Sakichi aliaga dunia mwaka wa 1930. Kiichiro, aliyekuwa amesomea uhandisi katika chuo kikuu mjini Tokyo, hakutaka kubaki na nyuzi tu. Mwaka wa 1933 kiwanda chao cha mitambo ya kufumia kilifungua idara ya magari. Mwaka wa 1935 wakatoa lori lililoitwa G1, na mwaka wa 1936 gari dogo la AA.

Msidhani mambo yalikuwa mteremko. Lile lori la G1 liliharibika ovyo, likawa linalala barabarani na mafundi wa kampuni wakilifuata kulitengeneza. Naam, Toyota za kwanza zilikufa, tena zilikufa sana! Nilipomsomea baba sehemu hii aliguna tu, hakujibu.

Mwaka huohuo wa 1936 jina nalo lilibadilika. Ukoo wao ni Toyoda, lakini baada ya shindano la kutafuta nembo, jina la magari likawa Toyota. Inasemekana kuwa lilipendeza zaidi likitamkwa, na zaidi ya hayo, kuliandika kwa herufi za Kijapani kunahitaji mikato 8 ya kalamu, na kwa Wajapani 8 ni nambari ya bahati. Kampuni yenyewe ya Toyota ilisajiliwa tarehe 28 Agosti 1937. Baadaye, mwaka wa 1959, hata mji wa Koromo ulio na kiwanda chao ulibadilishwa jina ukaitwa Toyota.

MWAKA WA DHIKI

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Japani ilikuwa hoi. Kufikia mwaka wa 1950 Toyota ilikuwa inaelekea kufilisika. Wafanyakazi waligoma, wengi wakapoteza kazi zao, na Kiichiro mwenyewe akajiuzulu kwa kuibeba lawama. Hakuishi sana baada ya hapo. Alifariki mwaka wa 1952.

Kilichoiokoa kampuni ni vita vya watu wengine. Mwezi huohuo wa Juni 1950 vita vilizuka nchini Korea, na jeshi la Marekani likahitaji malori ya haraka. Likayaagiza kwa Toyota. Ama kweli, kufa kufaana. Mwaka wa 1951 likatoka gari la kupanda milima lililoitwa BJ, ambalo lilijaribiwa kwa kupandishwa Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Mwaka wa 1954 aina hiyo ya gari ikapewa jina ambalo hata mtoto wa chekechea wa hapa kwetu analijua: Land Cruiser.

KAMBA NA "KWA NINI" TANO

Sasa nifike kwenye kiini. Sifa ya Toyota duniani imetokana zaidi na namna wanavyofanya kazi kiwandani, na aliyefanya mengi katika hilo ni mhandisi aitwaye Taiichi Ohno, aliyeanzia kazi katika viwanda vya nguo vya akina Toyoda.

Ohno alifanya mambo mengi, nami nitayataja matatu.

La kwanza, alikataa kurundika vipuri ghalani. Alivutiwa na habari za maduka makubwa ya Marekani, ambapo bidhaa hurudishwa rafuni kadiri wanunuzi wanavyozichukua. Basi kiwandani kila kundi likawa linachukua vipuri linavyohitaji tu, na kadi ndogo inapelekwa nyuma kusema, "Tumetumia hivi, leteni vingine." Hakuna cha kuharibikia ghalani.

La pili, aliichukua ile akili ya mtambo wa Sakichi akaitia katika mstari wa kuundia magari. Pale juu ya wafanyakazi hupita kamba. Mfanyakazi yeyote, hata aliyeajiriwa juzi, akiona kasoro ana ruhusa ya kuivuta. Taa huwaka, kiongozi wa kundi hufika, na ikiwa shida haijatatuliwa, kazi husimama. Hebu fikiria! Kiwanda kizima kinasimama kwa sababu kijana mmoja ameona skrubu imekaa upande. Ukifikiri kwa haraka utasema ni hasara. Wao waliona kwamba kasoro inayokamatwa pale ilipozaliwa ni rahisi kuitibu, na inayoachwa ikasafiri hadi kwa mnunuzi ni balaa.

La tatu, alifundisha watu kuuliza "kwa nini" mara tano. Mfano wake ni wa mashine iliyosimama. Kwa nini imesimama? Fyuzi imeungua kwa kuzidiwa na kazi. Kwa nini ikazidiwa? Beringi haikupata mafuta ya kutosha. Kwa nini haikupata? Pampu ya mafuta haivuti vizuri. Kwa nini haivuti? Imelika ndani. Kwa nini imelika? Haikuwa na chujio, vipande vya chuma vikaingia. Mtu mvivu angebadilisha fyuzi na kwenda zake, na kesho ingeungua tena. Aliyeuliza mara tano atatia chujio.

SIFA INAENEA

Pamoja na hayo yote, walipopeleka gari lao la Crown nchini Marekani mwaka wa 1957, waliaibika. Lilikuwa zito na injini yake haikuwa na nguvu za kutosha kwa barabara kuu za huko. Mwaka wa 1958 waliuza magari 288 tu katika nchi ile kubwa. Mbele kidogo wakaacha kulipeleka, wakarudi nyumbani kuuliza "kwa nini". Mwaka wa 1966 wakatoa Corolla, ambayo hadi kufikia mwaka wa 2021 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 50. Hiace ilifuata mwaka wa 1967 na Hilux mwaka wa 1968.

Hapa kwetu Kenya, mashahidi ni mashindano ya Safari Rally. Miaka ya sabini na mwanzo wa ya themanini, gari la Kijapani lililotamba lilikuwa Datsun, na Shekhar Mehta alishinda nalo mara tano. Kisha Toyota ikaja na Celica: ikashinda mwaka wa 1984, 1985, 1986, 1990, 1992 na 1993, na mwaka wa 1994 Mkenya mwenzetu Ian Duncan akaipa ushindi mwingine. Wa 1995 ulichukuliwa na Mjapani Yoshio Fujimoto, naye pia akiwa na Toyota.

Safari ilipotoka katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka wa 2002 tulidhani basi. Iliporudi mwaka wa 2021 kule Naivasha, Toyota ilishinda mwaka huo, na 2022, 2023, 2024 na 2025 pia. Mwaka wa 2022 na 2023 ilichukua nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne! Mwaka wa 2022 baba alinipeleka Elementaita kutazama. Vumbi lilikuwa laini kama unga wa ngano, tukarudi nyumbani weupe kama mizuka. Njia nzima baba alikuwa anapiga dashibodi ya Hiace kwa kiganja: "Umeona ndugu zako, sivyo?"

Tena kuna sababu za kawaida zinazofanya Mkenya aipende Toyota: spea zake zinapatikana hadi kwenye miji midogo, na fundi wa jua kali anaijua injini yake kama mkulima anavyolijua shamba lake. Magari mengi yanayoteremshwa Mombasa yameshatumika Japani, na sheria yetu hairuhusu yaliyozidi miaka 8. Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba huko Japani gari dogo jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Gari lisilofaa haliruhusiwi barabarani. Kwa hiyo uimara tunaousifu hapa, sehemu yake ni matunda ya ukaguzi wa huko. Gari likifika kwetu, ukaguzi unabaki mikononi mwetu sisi wenyewe. Hapo ndipo penye kazi.

UZI ULIPOKATIKA KWAO

Msidhani nimetumwa kuitangazia Toyota biashara. Mwaka wa 2008 kampuni hii iliipita General Motors ya Marekani ikawa kubwa kuliko zote duniani. Mwaka uliofuata, Agosti 2009, watu wanne walikufa karibu na San Diego nchini Marekani. Gari lao, Lexus iliyotengenezwa na Toyota, lilikataa kupunguza mwendo, kwani kizulia cha sakafuni kilikuwa kimekibana kikanyagio cha mafuta. Yakafuata malalamiko mengine, kwa mfano kikanyagio chenyewe kukwama, na mamilioni ya magari yakaitwa yarudi kurekebishwa.

Tarehe 24 Februari 2010 Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro na rais wa kampuni, alifika mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akaomba radhi. Alikiri kwamba kampuni ilikuwa imekua kwa haraka mno, kuliko uwezo wake wa kuwafundisha watu na kupanga kazi. Mwaka wa 2014 Toyota ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa sababu iliwapotosha wateja kuhusu kasoro zile.

Hilo ndilo lililonisikitisha. Watu waliofundisha dunia kuvuta kamba, siku ile waliona uzi umekatika nao hawakusema mapema. Sifa ilikuwa imewalewesha. Leo wamerudi, na mwaka wa 2023 wao na kampuni tanzu zao waliuza zaidi ya magari milioni 11, lakini doa lile limeandikwa na halifutiki.

UZI ULIPOKATIKA KWETU

Sasa nirudi nyumbani. Ilikuwa muhula wa pili mwaka jana. Jumamosi moja niliketi mbele karibu na baba, nikaona taa nyekundu imewaka penye dashibodi, ina picha kama ya birika la chai.

"Baba, hiyo birika ni ya nini?" nikamwuliza.

"Ni ya oili. Usijali, mama." Baba huniita mama kwa kuwa nina jina la mamake. "Nimemwambia mwenye gari. Amesema tumalize wiki kwanza. Hii ni Toyota bwana, haifi."

Jumanne iliyofuata, wakati wa kurudi kutoka Naivasha, injini ilianza kugonga kama mtu anayetwanga mahindi ndani ya debe. Kabla ya kufika Gilgil ikanyamaza. Abiria walishuka salama, namshukuru Mungu, wakarudishiwa nauli zao. Fundi alipofungua alikuta oili imekuwa nzito kama lami. Injini ilikuwa imekwisha. Mwenye gari alisema dereva ndiye mjinga, akamwachisha kazi hapohapo. Baba alikaa nyumbani miezi miwili, nami nikatumwa karo, nikakosa masomo wiki tatu. Huenda kuna walionicheka wakidhani nimetoroka shule. Sasa mmejua.

Katika wiki hizo tatu ndipo nilipoanza kusoma habari hizi, kwa hasira ya kutaka kujua kama "Toyota haifi" ulikuwa uongo. Nilipofika kwa Ohno nilichukua daftari, nikamwita baba, tukaanza kuuliza pamoja.

Kwa nini injini ilikufa? Ilikosa oili. Kwa nini ilikosa? Oili ilikuwa chafu na nzito, chujio lake likaziba. Kwa nini? Haikubadilishwa kwa wakati. Kwa nini haikubadilishwa? Kila siku ya gereji ni siku bila hesabu.

Nikauliza la tano: "Kwa nini hukuligesha tu kando, baba?"

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kwa sababu mimi si mwenye gari. Ningelisimamisha, kesho angempa mwingine."

Nimefikiria jibu hilo mara nyingi kuliko somo lolote la darasani. Kule kiwandani kijana wa juzi anavuta kamba na hafukuzwi. Katika matatu yetu, mtu mzima mwenye uzoefu wa miaka 19 aliona taa, akajua, na hakuwa na kamba ya kuvuta. Akabaki na ule usemi wake wa Toyota haifi, akajituliza nao. Simlaumu. Alikuwa anatafuta karo yangu.

Siku hizi baba anaendesha gari la mtu mwingine. Kabla ya kuupokea ufunguo alimwambia tajiri mpya neno moja: taa nyekundu ikiwaka, naligesha. Yule mzee akacheka, akakubali. Nami nimepewa kazi ya kuandika katika daftari tarehe ya kila oili inapobadilishwa, na Jumapili jioni baba hunisomea kilomita nami naandika. Kauli yake pia ameirekebisha. Juzi nilimsikia akimwambia makanga wake, "Toyota haifi ukiwa na adabu."

Wenzangu, kila mmoja wetu ana taa yake ya birika: hisabati ambayo hujaielewa tangu kidato cha kwanza, kikohozi kisichopona, rafiki aliyebadilika ghafla. Na ninyi walimu wetu, na sisi viranja, tukiwa na madaraka tuwape walio chini yetu kamba ya kuvuta, tena tusiwachape kwa kuivuta. Uzi ukikatika, simama. Mtoto wa seremala alilijua hilo kabla ya magari kuwako kwao.

Naweka kalamu chini, maana kengele ya kwenda nyumbani imelia na sisi wa shule ya kutwa hatungojwi na matatu.

Mwanachama, Kidato cha Tatu